Wekundu wa Udongo na Wekundu wa Uzee

Marehemu baba alikuwa bwana shamba huko Lushoto, na kamera aliinunua kwa ajili ya kazi. Alipiga makinga maji, matuta, miteremko iliyochukuliwa na mvua, mahindi yenye ugonjwa, kabichi zilizostawi. Filamu ilipokaribia kuisha, picha mbili tatu za mwisho alitupiga sisi wa nyumbani. Picha za karatasi hakuzijali sana. Alipenda slaidi, maana slaidi aliweza kuitia kwenye projekta usiku akawaonyesha wakulima shamba la wenzao limetandazwa juu ya shuka jeupe. Alipofariki aliacha slaidi 412 kwenye masanduku madogo ya plastiki. Ya zamani kuliko zote ina muhuri wa mwaka 1971, ya mwisho 1984.

Picha ya karatasi ina negativu yake mahali fulani. Ikichanika, unachapisha nyingine. Slaidi haina mama wa kuzaa nyingine. Kile kipande cha filamu cha milimita 24 kwa 36, kilichobanwa ndani ya fremu ya karatasi ngumu, ndicho kilekile kilichokuwa ndani ya kamera siku ile, kikapigwa na mwanga uliotoka kwenye uso wa mtu aliyesimama Lushoto. Kikiliwa na fangasi, imekwisha. Na sisi tunaishi Tanga mjini, ambako jasho halikauki na viatu vya ngozi huota ukungu kabatini. Nilipofungua masanduku yale baada ya miaka mingi nikaona nyuzi nyeupe, nyembamba kama za buibui, zimetambaa kwenye anga ya picha ya kumi na kitu. Sikulala vizuri usiku ule.

Nikafanya ambalo mtu yeyote mwenye shughuli zake angelifanya: nikalipa. Nilizipeleka kwenye maabara moja ya picha, na baada ya majuma matatu nikarudishiwa slaidi zangu pamoja na faili 412. Kazi ilikuwa na sifa zake. Zilikuwa zimeskaniwa kwa nukta 4,000 kwa kila inchi, karibu megapikseli 21 kila moja, zimepewa namba, na ukali wake ungeweza kuhesabu vifungo vya shati. Lakini nilipomwonyesha mama kwenye kompyuta, alitazama picha tano sita kwa adabu, kisha akauliza, "Hapa ni wapi?"

Palikuwa nyumbani kwao. Alilelewa pale.

Udongo ndio uliompoteza. Usambara ina udongo mwekundu, ule unaoshika kwenye pindo za suruali na hauondoki kwa sabuni ya kawaida. Kwenye faili zile ulikuwa na rangi ya majivu yaliyonyeshewa. Watu waliosimama chini ya miti walikuwa na nguo zinazoonekana vizuri kabisa, na juu ya kola za nguo hizo palikuwa na weusi mtupu usio na macho wala pua. Picha kama ishirini zilikuwa zimegeuzwa upande, kiasi kwamba maandishi kwenye magunia ya mbolea yalisomeka kinyume. Na kwenye picha za mahindi, ncha za majani zilikuwa zimelainishwa kama mtu amezifuta kwa kidole.

Kila kasoro ina sababu yake, na nilizijua moja baada ya nyingine kutoka kwa mtu mmoja ambaye ningependa kumweleza kwa utaratibu, maana kazi yake inastahili.

Ni mzee anayeishi Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba. Alisafisha picha kwenye studio za mjini tangu ujana wake, zama ambazo kusafisha picha kulikuwa kusafisha kwelikweli, kwa maji na kemikali na chumba cha giza. Studio zilipofungwa alichukua kitu kimoja tu kama kiinua mgongo: mashine ya kukuzia picha, ile yenye nguzo ndefu ya chuma na kichwa kinachopanda na kushuka. Kichwa amekiondoa. Mahali pake amefunga kamera ya dijitali ya zamani yenye lenzi ya makro, inatazama chini. Nguzo iliyokuwa ikitoa picha kutoka kwenye negativu kwenda kwenye karatasi sasa inazipandisha slaidi kwenda kwenye kamera.

Nilimwamkia, akaitika, akachukua sanduku la kwanza bila kuniuliza nataka nini. Alitoa slaidi moja, akailaza pembeni ya dirisha, akaiinamisha mpaka mwanga ukateleza juu yake.

"Unaona?" aliniambia.

Nikaona. Upande mmoja wa filamu ulikuwa laini kama kioo. Upande wa pili, mwanga ulipokuja kwa kulala, picha ilikuwa imeinuka juu ya filamu kama mchoro uliochongwa: kingo za majani, ukingo wa kofia ya baba, mstari wa kilima. Hiyo ni Kodachrome, akasema, na upande ulioinuka ndio wenye picha. Ukiujua huo, hutaigeuza slaidi maisha yako yote. Picha zangu ishirini zilizosomeka kinyume zilihitaji kuinamishwa dirishani kwa sekunde mbili tu.

Kodak walianza kuuza Kodachrome mwaka 1935, na waliobuni njia yake walikuwa wanamuziki wawili, Leopold Mannes na Leopold Godowsky. Filamu yenyewe haikuwa na rangi ndani yake. Rangi ziliingizwa wakati wa kusafisha, tabaka baada ya tabaka, kwa hatua ambazo studio ya mtaani isingeziweza, ndiyo maana baba alituma filamu zake ng'ambo kwa posta na kungoja. Maabara ya mwisho kuipokea ilikuwa katika mji wa Parsons, Kansas, nchini Marekani, na mlango ulifungwa tarehe 30 Desemba 2010. Lakini filamu ile, ikihifadhiwa gizani, hushika rangi zake kwa uaminifu kuliko karibu filamu nyingine yoyote ya enzi yake. Inachoka ikionyeshwa mara nyingi kwenye projekta. Alichoogopa mzee kwenye masanduku ya baba ni zile zilizopendwa, zilizoonyeshwa kila mkutano wa wakulima.

Ile hali ya kuinuka kwa picha, pamoja na jinsi rangi zake zinavyozuia mionzi ya infraredi, ndiyo iliyolainisha majani ya mahindi. Skana nyingi za maabara hutafuta vumbi kwa mionzi hiyo: rangi za filamu ya kawaida huipitisha, vumbi huizuia, na mashine hujaza pale ilipozuiwa. Kodachrome huichanganya. Mashine huona ncha ya jani ikadhani ni uchafu, ikaifuta kwa nia njema.

Kwa hiyo mzee husafisha kwa mkono. Alizima feni kwanza. Mwezi wa pili, Tanga, saa nane mchana, madirisha yamefungwa, alizima feni, kwa sababu feni ni kiwanda cha vumbi. Alivaa glovu za pamba. Alipuliza kwa kile kipira cha mkono, mara tatu huku na mara tatu kule, slaidi ikiwa imesimama wima ili kinachotoka kianguke chini na kisitue tena juu ya picha. Kisha brashi laini, pana kama kidole gumba, akaipitisha mara moja kwenda upande mmoja bila kurudi. Akaitazama kwenye mwanga. Akapuliza tena. Ilimchukua dakika nne, na katika dakika hizo hakusema neno.

Zenye fangasi aliziweka pembeni, na hapo alinionya kwa sauti ya mtu aliyewahi kuona hasara. Usitie maji. Fangasi anapokula filamu huacha jelatini yake imelainika, na maji huiondoa pamoja na picha. Spiriti ya kawaida ya duka la dawa nayo ina maji ndani yake, asilimia 30 hivi. Yeye anatumia ile inayokaribia asilimia 100, tone moja kwenye pamba, na kama nyuzi hazitoki kwa kugusa mara moja anaziacha. "Mwanangu, doa la anga si kitu," alisema. "Shimo kwenye uso wa mtu ndilo baya."

Kisha akanionyesha kioo cha kunyolea. Nilidhani anataka kujitazama. Alikilaza juu ya paneli ya taa, pale itakapokaa slaidi, akachungulia kwenye kamera iliyokuwa juu. Kamera ikajiona yenyewe. Duara la lenzi lilikuwa limekaa kando kidogo ya kiini cha picha. Akalegeza bolti, akagusa nguzo kama mtu anayeamsha mtoto, mpaka duara likakaa katikati barabara. Maana yake kamera sasa inaitazama slaidi kwa unyoofu kamili, na pembe zote nne zitakuwa kali sawasawa. Sijaona kipimo rahisi namna hiyo chenye akili namna hiyo. Mashine ya bei mbaya inafanya hivyo kiwandani mara moja. Yeye anafanya kila asubuhi kwa kioo cha dukani.

Kuhusu taa alikuwa mkali zaidi. Aliwahi kutumia taa nyeupe ya kawaida ya LED, picha zikatoka zimepauka, akahangaika nazo kwa wiki kabla ya kujua kwamba taa nyingi za bei ya chini hupungukiwa wekundu. Jicho halioni upungufu huo. Ukutani taa ni nyeupe. Filamu ndiyo inayouona. Sasa ana paneli iliyotengenezwa kwa kazi za picha, na ndicho kifaa pekee alichokinunua kipya. Slaidi haigusi paneli. Inakaa juu kidogo, kwenye kadi nyeusi iliyokatwa dirisha la ukubwa wa fremu, ili vumbi la kwenye taa lisionekane na mwanga wa pembeni usivuje.

Halafu anapiga mara mbili. Hili ndilo lililonirudishia nyuso. Slaidi ina umbali mkubwa sana kati ya mwanga wake na giza lake, na jua letu la saa sita linaupanua umbali huo kupita kiasi: shati jeupe juani, uso mweusi kivulini mwa mparachichi, vyote kwenye fremu moja. Filamu za rangi za miaka ile zilisawazishwa kwa ngozi nyeupe, na watu wetu walilipa gharama. Lakini uso haukupotea. Umo kwenye lile giza, umelala. Skana iliyowekwa kufanya kazi haraka husoma shati na kuridhika. Mzee anapiga picha moja kwa ajili ya shati, kisha bila kugusa chochote anaongeza muda wa mwanga mara nne na kupiga ya pili kwa ajili ya uso, na kwenye kompyuta anaziunganisha. Nilikuwa nimesimama nyuma yake alipofungua ya pili. Watu wanne niliowajua kama makoti manne wakawa na macho. Mmoja alikuwa anacheka.

Nimeacha udongo kwa makusudi, kwa kuwa ndio niliotaka kuufikia.

Programu inayosahihisha rangi yenyewe ina kanuni moja ya msingi: picha ikijaa rangi moja kupita kiasi, rangi hiyo ni kosa, ipunguzwe. Mara nyingi ni kweli. Slaidi za Ektachrome za miaka ya 1960 na mwanzo wa ile ya 1970 huzeeka hata zikiwa gizani. Rangi yake ya samawati hufifia kwanza, na kinachobaki ni wekundu uliofunika kila kitu, anga, meno, maziwa. Baba alitumia hizo pia. Kwa hiyo ndani ya sanduku moja nilikuwa na wekundu wa aina mbili: wa uzee, unaotakiwa kuondolewa, na wa udongo, ambao ndio picha yenyewe. Kwa mashine ni kitu kimoja. Iliosha wote.

Nilimuuliza mzee anautofautishaje. Alichukua slaidi ya Ektachrome na kisu chembamba, akafungua fremu ya karatasi kwenye ukingo wake, akaitoa filamu. Pembezoni mwa kila picha, chini ya fremu, kuna ukanda mwembamba ambao haukuwahi kupata mwanga wowote. Kwenye slaidi ukanda huo unapaswa kuwa mweusi tii. Aliuweka juu ya taa. Ulikuwa mweusi wenye damu, kama maji ya zambarau. "Huu umezeeka," alisema. Akatoa Kodachrome ya mwaka uleule, akaifungua vivyo hivyo. Ukanda ulikuwa mweusi kama mkaa, na ndani yake bonde zima lilikuwa linawaka wekundu. "Na huu," akasema, "ndivyo ulivyokuwa."

Ushahidi ulikuwa umefichwa milimita moja tu chini ya karatasi kwa nusu karne. Sidhani kama nitasahau.

Kwa zile zilizozeeka kweli, ukanda humpa pa kuanzia tu: anarudisha weusi kuwa weusi, anatafuta kitu cheupe, na katikati inabaki kazi ya kukumbuka. Hapo alinigeukia mimi. Kuna slaidi ya mama amesimama mlangoni amejifunga kanga, na hakuna aliyejua kanga ile ilikuwa ya rangi gani. Nilikumbuka kwamba ipo. Mama anayo sandukuni mpaka leo. Nikaileta, nikamtandazia mezani, naye akatikisa kichwa: imefuliwa, imeanikwa, nayo imezeeka kama filamu. Kisha akaomba ruhusa ya kufumua kidogo upindo. Ndani ya mkunjo wa upindo, ambako jua halikuingia tangu siku ya fundi cherehani, palikuwa na wekundu wa damu ya mzee na manjano kama ya embe lililoiva. Alisogeza kitambaa karibu na kioo cha kompyuta, akarekebisha picha mpaka kanga ya mlangoni ikafanana na ule mkunjo, na picha nzima ikafuata: ukuta, mlango, mikono ya mama.

Hakuna maabara ambayo ningeweza kuipelekea upindo ule.

Hata hivyo sitaki kuwaonea wa maabara. Baada ya majuma kadhaa mzee alinirudishia slaidi kumi na moja alizokataa kuzigusa. Saba zilikuwa zimefungwa kati ya vioo viwili, unyevu ukaingia, filamu ikagandamana na kioo; kuitenganisha ni kazi ya mtu mwenye vifaa na mafunzo ya kuhifadhi nyaraka. Nne zilikuwa Kodachrome za jioni, nzito mno, giza ambalo kamera yake hailifiki. Hizo nilizipeleka kwa wenye skana ya silinda, safari hii nikiandika maelezo kwa kila moja na kulipa ili mtu akae nazo. Alikaa nazo. Zilirudi na moshi wa jikoni unaoonekana ukipanda kwenye paa la nyasi, kitu ambacho hata kwenye projekta ya baba sikuwahi kukiona. Nadhani mara ya kwanza nilichokuwa nimenunua ni dakika moja ya mtu kwa kila slaidi, na dakika moja nikapewa. Anayetaka kulipa apeleke tano kwanza. Aulize kama wanasafisha kabla ya kuskani, kama wanazima ile infraredi kwa Kodachrome, kama atapewa faili kubwa zisizobanwa. Majibu yatamwambia kama ameongea na fundi.

Nyingine nazifanya mwenyewe, nyumbani, kwa vifaa nilivyokopa na nguzo niliyochongesha kwa seremala. Mzee alisimamia thelathini za kwanza kisha akaniachia. Dakika kumi kwa slaidi moja, ukijumlisha zote ni saa 68 na ushei, na mimi napata saa mbili usiku watoto wakilala. Nimejifunza kusoma mihuri kwenye fremu na kutoiamini: tarehe ile ni ya siku filamu iliposafishwa, na baba aliweza kukaa na filamu moja kwenye kamera miezi minane, ndiyo maana nina mavuno ya Agosti yenye muhuri wa Aprili. Nimejifunza kutambua kwa harufu sanduku lenye filamu inayoanza kuoza, hunukia siki. Faili naziweka kwenye diski mbili, na ya tatu iko kwa dada yangu Arusha.

Juzi nilimwita mama atazame matuta ya mwaka 1973, slaidi niliyoipenda kuliko zote. Nilikuwa nimejivunia wekundu wake. Ukanda wa pembeni ulikuwa mweusi safi, taa nzuri, kamera imenyooka, nami kwenye kompyuta nilikuwa nimeusukuma udongo kidogo mbele, ung'ae kama ninavyoukumbuka. Mama alisogeza kiti, akavaa miwani, akanyamaza kitambo.

"Hapo kulikuwa na masika," alisema. "Tazama mahindi yalivyo madogo. Udongo wa masika hauwaki hivyo, mwanangu. Ukilowa huwa mzito, karibu na kahawa."

Nikarudi kwenye faili ghafi nikaanza upya, yeye akiwa pembeni, nikipunguza kidogo kidogo. Kila mara aliinua kidole: bado. Bado. Kisha akakishusha kidole, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga, akaniuliza kama ile ya kule mtoni, ya watu wanaoosha karoti, nimeshaifikia.